Mama Asha, Dija au Bonge: uchague jina gani la mtaani?

Daftari la kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, lina safu mbili za majina. Safu ya kushoto, iliyoandikwa kwa wino, ni ya majina ya kitambulisho, yale yanayotokea kwenye simu ukituma hela. Safu ya kulia, iliyoandikwa kwa penseli, ni ya majina ya mtaani, yale ambayo ukiyaita dirishani mtu anaitika. Mimi ni katibu wa kikoba huku Mtoni kwa Aziz Ali, mwaka wa sita sasa. Safu ya kulia naitumia kila Jumapili. Ya kushoto naitafuta siku ya mkopo, siku ya ugonjwa na siku ya msiba.

Mwanzoni tulikuwa na safu moja tu, hiyo ya kulia. Mwisho wa mwaka wa kwanza, siku ya kugawana, nilimtumia Mama Asha laki mbili na arobaini. Kwenye simu likatokea jina la Mwanahamisi. Nikathibitisha, maana sikuwahi kujua Mama Asha yeyote anaitwa nani hasa. Kumbe namba ile ilikuwa ya Mama Asha wa nyuma ya msikiti, na mwenye haki yake alikuwa Mama Asha wa kisimani, ambaye alikaa siku nne akidhani tumemdhulumu. Aliyepokea hakuwa mwizi. Alikuwa ameomba mkopo, akaamini ndio umeingia. Tuliyamaliza kwa kikao na machozi kidogo, na Jumatatu yake nikanunua daftari jipya lenye kurasa pana.

Tangu hapo kila mwanachama mpya namuuliza: tukuiteje? Wengi hujibu, "Niiteni tu mnavyotaka." Jibu hilo silipendi. Mtaa ukiachiwa uchague, huchagua kwa macho: unaona kitambi, upara, mguu unaochechemea, lafudhi ya bara, na hapohapo umeshabatizwa. Kulibandua jina la namna hiyo ni kazi ya miaka. Ndiyo maana nataka kuyaweka majina haya ubavu kwa ubavu, ili anayehamia mtaa mpya, anayeanza kazi, au anayefungua banda lake, achague kabla hajachaguliwa.

Jina la mtoto, au lako mwenyewe?

Kwa mtu mzima wa Dar es Salaam, hasa mwanamke, jina la kwanza kufikiriwa ni la mtoto. Mama Asha, Baba Juma. Lina heshima ambayo jina tupu halina, kumwita mwanamke wa miaka arobaini "Zainabu!" kutoka upande wa pili wa barabara, na wewe si mama yake wala shoga yake, ni ukavu. Mtoto wa kwanza ndiye hubeba jina hilo hata akifuatiwa na wadogo watano, na jirani mpya halazimiki kujua kingine chochote ili akusalimie vizuri.

Waarabu wana jambo linalofanana na hili, wanaliita kuniya: Abu Fulani, Ummu Fulani. Lakini wao wameliachia nafasi pana kuliko sisi. Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi za Mtume, jina lake maana yake ni baba wa kipaka, kwa sababu ya paka mdogo aliyempenda. Na Bibi Aisha, mke wa Mtume, hakujaliwa mtoto, lakini aliitwa Ummu Abdallah kwa jina la mtoto wa dada yake. Hili la Bibi Aisha nimelieleza mara nyingi pale kwenye mkeka wetu, kwa sababu udhaifu mkubwa wa "mama fulani" uko hapo. Asiyezaa anaitwaje? Kwetu hurushiwa "anti" au "dada" mpaka nywele zinakuwa nyeupe, na kila akiitwa hivyo anakumbushwa.

Tunaye mwanachama mmoja aliyemlea binti wa dada yake tangu akiwa na miezi saba. Alipojiunga nikamuuliza tukuiteje, akanyamaza, akatazama mkeka, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mnaweza kuandika Mama Salma?" Nikaandika. Hakuna aliyeuliza swali. Sasa hata muuza maji anamwita hivyo.

Yupo pia aliyefiwa na mwanawe wa kwanza akiwa darasa la tano. Baada ya arobaini sikujua nifanye nini na safu ya kulia. Mtoto wa pili yupo, jina lake ni zuri, tungeweza kuhamia huko. Nikamfuata nyumbani, nikamuuliza yeye mwenyewe. Akasema, "Endeleeni na Mama Idi. Mkiacha nyie, nani mwingine atalitaja jina lake?" Kwa hiyo usimbadilishie mtu jina la mtoto bila kumuuliza, hata kama unadhani unamwonea huruma.

Udhaifu mwingine ni ule ulionigharimu mimi: akina Mama Asha ni wengi. Tena jina hilo linakufanya usijulikane. Jirani akikimbizwa hospitali usiku, ukifika asubuhi getini ukasema "namtafuta Mama Asha," wodi nzima itakugeukia. Ukilichagua, hakikisha watu wawili watatu wanalijua na lile la wino.

Kuna na mkondo wa kinyume, ambao wageni huushangaa. Mtoto akipewa jina la baba yake mumeo, utamkaripiaje kwa jina la mkweo? Hutamki. Ndiyo maana mtaani utasikia mama anaita, "Babu! Babu, toka juani!" na anayetoka juani ni mtoto wa miaka mitatu mwenye kamasi. Jina hilo la utani halikutokana na mzaha wowote. Ni adabu ya mkwe, na mimi naliona miongoni mwa majina mazuri kabisa tuliyonayo.

Jina zima, au lililokatwa?

Rashidi ni Chidi, Khadija ni Dija, Abdallah ni Dula, Ramadhani ni Rama, Mohamedi ni Mudi. Ukiyasikiliza utaona hayakukatwa ovyo. Kiswahili hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mara nyingi panapokazwa ndipo panapobaki: Ra-SHI-di, Kha-DI-ja. Mengine huchukua mwanzo, kama Rama, na Mudi ameokota m ya mwanzo na di ya mwisho. Yote huishia na irabu, na karibu yote ni silabi mbili, urefu unaotosha kuitwa kwa pumzi moja kutoka mlango wa daladala.

Waingereza nao hukata, ila wao hupenda kubakiza kichwa cha jina na kuishia na konsonanti: Thomas ni Tom, Daniel ni Dan. Wakati mwingine huvuka mpaka, Robert akawa Bob na Margaret akawa Peggy, na asiyejua hawezi kukisia. Warusi ndio wenye mpangilio ninaouona karibu na wetu. Aleksandr kwa rafiki ni Sasha, Maria ni Masha. Lakini ukitaka kumheshimu mtu mzima huchukui jina lililokatwa, unachukua jina lake kamili ukaliunganisha na la baba yake. Sisi tunafanya hivyohivyo tukimwita mzee Juma Hamisi badala ya Juma.

Uzuri wa jina lililokatwa ni kwamba halipotezi njia ya kurudi. Simu ikionyesha RASHIDI, na mimi nimekusudia Chidi, moyo unatulia. Katika daftari langu, kati ya majina yaliyokatwa na mengine yote, haya ndiyo yasiyowahi kuniletea matatizo ya fedha.

Ubaya wake ni umri. Dula ni jina la kijiweni, la mpira, la marafiki. Akifika miaka hamsini na wajukuu wanamsikia akiitwa Dula na kijana wa bodaboda, pana kitu hakijakaa sawa. Dawa ipo na ni rahisi, kutanguliza neno la heshima: Bi Dija, Mzee Rama, Anko Chidi. Lipo pia jambo la dini ambalo vijana hulisahau. Mashekhe hukataza kumwita Abdulrahman "Rahmani" peke yake, kwa kuwa hilo ni jina la Mwenyezi Mungu na huyu ni mja tu. Neno linalosema ni mja, yaani Abdul, ndilo lililokatwa. Ukitaka kufupisha jina la namna hiyo, fupisha kwa njia nyingine au muulize mwenye nalo.

Naomba nitoke kidogo nje ya Dar, kwa sababu kuna watu wamelitatua jambo hili vizuri kuliko sote. Magharibi mwa Uganda, kwa Watooro na Wanyoro, kila mtoto hupewa empaako pamoja na jina lake: Abwoli, Akiiki, Amooti, Atenyi na mengine, jumla kumi na mawili, yanayotumiwa na jamii nzima. Ukikutana na mtu unamuuliza empaako yake ndipo umsalimie nayo. Ni jina la mapenzi na la heshima kwa pamoja, na kwa kuwa limetoka kwenye orodha inayojulikana, hakuna anayeweza kukubandika kejeli akasema ni empaako. Mwaka 2013 UNESCO iliiweka mila hiyo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wathai nao hawasubiri mtaa: wazazi wenyewe humpa mtoto jina fupi la nyumbani, kama Lek, yaani mdogo, au hata Moo, nguruwe. Wazee wao waliamini jina la hovyo huwapoteza pepo wanaotamani watoto. Kwetu nguruwe lisingepita, lakini wazo la mzazi kuwahi naliunga mkono kabisa.

Kazi na kabila

Duka la kona yetu ni la Mangi. Mangi kwa Wachaga alikuwa mtawala, mwenye watu na ardhi. Hapa mjini limekuwa jina la mwenye duka yeyote. Na huyu wetu si Mchaga. Ni Mkinga wa Makete. Nilimuuliza siku moja kama halimkeri, akanipa chenji yangu kwanza, kisha akasema, "Mangi ni hili duka. Mimi nina jina langu." Ndivyo ilivyo pia kwa muuza samaki anayeitwa Mpemba na kwao ni Tanga.

Majina ya kabila hukaa salama ndani ya utani wa kweli. Wangoni na Wahehe walipigana karne ya 19, na leo ni watani: mtani wako anaweza kukutania msibani, akakunyang'anya kiti, akakuita jina lolote, na wewe huruhusiwi kununa kwa sababu una haki hiyohiyo juu yake. Utani ni deni la pande mbili. Ukimwita mtu kwa kabila lake na yeye hana la kukurudishia, huo si utani tena, na ukiwa mgeni mtaani nakushauri usijitambulishe kwa kabila hata kama unaona fahari. Watakuita hivyo mpaka uhame, na kila jambo utakalofanya litahesabiwa la kabila zima.

Jina la kazi ni bora zaidi ya hapo. Fundi, Dokta, Konda. Linaeleza unachofanya na linakuletea wateja. Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu hadi 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya siasa, na neno hilo moja likamfuata Ikulu na mpaka kaburini Butiama bila kuchakaa. Ila chagua neno lenyewe kwa makini. Mama ntilie na mama lishe wanauza wali uleule, lakini la kwanza ni sauti ya mteja anayeagiza, nitilie, na la pili ni sifa ya anayelisha watu. Wanachama wangu wanne wanapika karibu na kituo cha mabasi. Wote wanne, bila kuambiana, walisema niandike lishe.

Jina la mwili

Hapa ndipo nina neno zito.

Kiswahili kina uwezo wa kumpunguza mtu kwa herufi mbili. Ki- ya kitoto na kibonge inaweza kuwa ya mapenzi. Lakini ki- hiyohiyo ndiyo ya kiziwi, kipofu na kilema, na sikio la anayeitwa linaijua. Bonge kati ya marafiki wawili wanene ni kicheko. Bonge kutoka kwa konda mbele ya abiria thelathini ni kitu kingine. Argentina watu huitana Gordo, mnene, na Flaco, mwembamba, hata mke na mume, na hakuna anayeumia. Huko neno limeshalainika kwa matumizi ya mapenzi ya miaka mingi. Hatuwezi kuazima ulaini huo kwa kutamka tu.

Qur'ani, katika Surat Al-Hujurat aya ya 11, inakataza kuitana kwa majina ya kejeli. Aya hiyo inasomwa misikitini mwetu, na nje ya mlango wa msikiti watu wanaitana Chongo na Matege. Na kwa mtu mwenye ualbino sina haja ya kueleza. Lile neno la zamani lisitoke kinywani mwako, hata kwa mzaha, hata kama yeye analicheka.

Kwa nini nasema hata kama analicheka? Mwanachama wetu mmoja jicho lake moja liliharibika utotoni. Aliitwa Chongo tangu anacheza chandimu, naye aliitika, akacheka, hata kwenye simu yake ya kwanza alijiandika hivyo. Mimi nilimwandika hivyohivyo, safu ya kulia. Jumapili moja, mwaka wa tatu, alifika mapema kabla mkeka haujatandikwa. Alisimama mlangoni na hela yake ya hisa mkononi, hakuketi. Akasema binti yake ameanza darasa la kwanza na wenzake wamempa jina. Wanamwita Mtoto wa Chongo. Juzi amekataa kwenda shule. "Dada, naomba ufute," akasema, akaonyesha daftari.

Nilifuta palepale, akitazama. Karatasi ilichubuka kidogo. Tukaandika Baba Neema. Kisha tukapitisha kwenye kikao: atakayeteleza akamwita jina la zamani analipa faini ya jero, sawa na anayechelewa. Miezi miwili ya kwanza sanduku la faini lilijaa kuliko wakati wowote, na mimi nimechangia. Mwezi wa tano lilikuwa tupu. Binti sasa yuko darasa la nne.

Kwa hiyo kipimo changu cha jina lolote ni hiki: je, mwanao akilirithi utafurahi? Kuvumilia kwako hakutoshi. Pelé mwenyewe alizaliwa Edson, lile jingine alibandikwa utotoni na hakulipenda. Mpira ulilibeba mpaka likawa la dhahabu. Wengi wetu hatuna mpira wa kutubebea jina.

Jina la sifa

La sifa silijadili sana kwa sababu hulichagui, unapewa. Rashidi Kawawa, waziri mkuu wa zamani, hakujiita Simba wa Vita. Ali Hassan Mwinyi, aliyeongoza kuanzia 1985 hadi 1995, alifungua milango ya biashara, wananchi wakamwita Mzee Rukhsa, na mtu mzima yeyote wa Kariakoo atakueleza maana yake kwa bei za bidhaa. Ukiona mtu anajitungia mwenyewe sifa na kuisambaza, mtaa humpa nyingine kimyakimya.

Kwa hiyo uchague lipi

Ukiwa kijana hujaoa wala kuolewa, kata jina lako. Litakuweka karibu na kitambulisho na halina tusi ndani yake. Ukiwa mzazi na unaishi mtaa wa familia, jina la mtoto ndilo litakalokupa salamu nzuri kuliko yote, mradi uongeze kitu cha kukutofautisha: Mama Asha wa Kisimani, sasa ndivyo tunavyoandika. Ukiwa unafungua biashara, changanya kazi na jina, maana ukienda BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kusajili "Mama Asha" peke yake huenda ukaambiwa kuna mwenzio aliyewahi. Na mteja anayelipa kwa lipa namba anataka kuona jina linalofanana na lile la kwenye ubao. La kabila liache kwa watani wako. La mwili likataliwe siku ya kwanza, kwa upole, kabla halijapata miguu: "Hapana ndugu yangu, mimi naitwa Rama." Ukisema hivyo mara tatu bila kugomba, mara nyingi huisha.

Na kama wewe ndiye unayeita, uliza. Swali ni maneno matatu tu: nikuite nani jamani?

Jumapili iliyopita amejiunga dada wa miaka ishirini na minne, fundi cherehani, hana mtoto. Jina la wino ni Khadija. Nikamwambia tunao tayari Dija wawili. Akafikiri, akauliza kama Dija Cherehani lilikuwa limechukuliwa. Mama Salma akamwambia halijachukuliwa. Nikachonga penseli.